Njia Nyepesi Juu ya Ukuta: Matembezi ya Miguu Kandokando ya Mto Po

Utangulizi

Maji hufuata mkondo, ndivyo walivyosema wahenga. Kauli hii huchukuliwa kuwa kweli isiyohitaji ushahidi. Hata hivyo, lipo bonde kaskazini mwa Italia ambako methali hiyo inahitaji nyongeza: huko maji hufuata mkondo, lakini mkondo wenyewe umewekewa mipaka na binadamu, na mipaka hiyo hulindwa usiku na mchana pindi mvua inapozidi. Bonde hilo ni la mto Po.

Makala haya yanaeleza matembezi ya miguu yanayofanywa kandokando ya mto huo, hasa katika sehemu zake za chini, kuanzia maeneo ya Parma na Reggio Emilia hadi bahari ya Adriatiki. Vitabu vya kuwaongoza wageni huyaeleza matembezi haya kwa neno moja: mepesi. Hakuna mlima wa kupanda, hakuna jabali la kukwea kwa kamba, wala hakuna haja ya viatu maalumu. Mzee wa miaka sabini na mtoto wa miaka saba wanaweza kufuatana bila mmoja kumchelewesha mwenzake. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Wepesi wa njia hizi si tunu ya maumbile. Ni zao la kazi ngumu ya vizazi vingi, na mtembezi asiyejua anachokikanyaga hurudi nyumbani akidhani ametembea kandokando ya mto, kumbe ametembea juu ya ukuta.

Mto na uwanda wake

Po ndio mto mrefu kuliko yote nchini Italia. Chimbuko lake liko katika mlima Monviso, karibu na mpaka wa Ufaransa, na urefu wake ni kilomita 652. Eneo linalomiminia maji yake ndani ya mto huu linazidi kilomita za mraba 70,000, yaani maji ya Alpi kutoka kaskazini na ya milima ya Apenini kutoka kusini hukutana humo. Jambo la kuzingatia zaidi, hata hivyo, ni mteremko. Mji wa Piacenza uko mita 61 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali kutoka hapo mto una mamia ya kilomita za kusafiri kabla ya kufika Adriatiki. Ferrara uko mita 9 tu. Kwa hiyo mto huu, baada ya kushuka milimani kwa kishindo, hujikuta katika uwanda ambao hauna mteremko wa maana, nao huanza kujipinda kama nyoka aliyeshiba.

Mto ulio katika hali hiyo haukai mahali pamoja. Mwaka 1152 Po ulivunja kingo zake huko Ficarolo, na sehemu kubwa ya maji ikahamia kaskazini, ukauacha mji wa Ferrara kando ya mkondo uliozidi kudhoofika. Isitoshe, mwaka 1604 Jamhuri ya Venisi ilikamilisha mfereji mkubwa wa Porto Viro, ikaugeuza mdomo wa mto kuelekea kusini kwa hofu kwamba matope yake yangejaza wangwa wa Venisi. Delta inayoonekana leo imejengeka kwa kiasi kikubwa tangu mfereji huo uchimbwe. Msomaji akitazama ramani ya sehemu hizo, basi, anatazama uamuzi wa serikali ambayo ilikwisha kufa.

Tuta ni nini?

Njia ya mtembezi hupita juu ya kitu ambacho Waitaliano hukiita argine. Kiswahili sanifu kina neno tuta, ambalo msemaji wa kawaida hulihusisha na viazi vitamu, au na vile vizuizi vya kuyapunguzia magari mwendo barabarani. Maana zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: kitu kilichorundikwa makusudi kwa mkono wa mtu. Kwa sababu hiyo neno tuta linafaa hapa kuliko ukingo, kwa kuwa ukingo ni wa mto ilhali tuta ni la watu. Sharti tu msomaji akumbuke kuwa tuta linalozungumziwa laweza kufikia mita 8 kwa kimo, na kwamba huendelea pande zote mbili za mto kwa mamia ya kilomita.

Umbo lake ni rahisi kueleza. Juu pamelazwa njia bapa, mahali pengine ya changarawe, mahali pengine ya lami nyembamba, yenye upana wa kupitisha gari moja. Pande zote mbili hushuka kwa mteremko wa majani mafupi. Upande mmoja, chini, kuna mashamba ya mahindi na ngano, nyumba za matofali na minara ya makanisa. Upande wa pili kuna ardhi iitwayo golena, yaani sehemu iliyo kati ya tuta kuu na mto wenyewe. Golena ni mali ya mto kwa namna fulani: maji yakifura, huko ndiko yanakoruhusiwa kutanda. Mahali pengine upana wake unazidi kilomita moja, na aghalabu hupandwa miti ya popla kwa mistari iliyonyooka kama daftari la mwanafunzi mtiifu. Hivyo basi, mtembezi aliye juu ya tuta anaweza kutembea nusu saa nzima bila kuyaona maji. Wageni wengi hulalamika kwa sababu hiyo. Wangejua sababu ya tuta kuwekwa mbali, wasingelalamika: kadiri mto unavyopewa nafasi, ndivyo unavyopungua ukali.

Hapa ndipo penye fumbo la uwanda huu. Katika enzi ambazo matuta yalikuwa machache na ya chini, mto ulipofura maji yalimwagika huku na huku na kutulia juu ya mashamba. Matuta yalipoongezwa, yakaunganishwa na kurefushwa kuelekea juu ya mto, maji yale yale yalikosa pa kutanda, yakalazimika kuteremka yote kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba kina cha mafuriko kiliongezeka, na matuta yakahitaji kuinuliwa tena. Kila kizazi kilichojikinga kilikirithisha kizazi kilichofuata ukuta mrefu zaidi pamoja na mto mrefu zaidi nyuma yake. Leo hii, mafuriko makubwa yanapopita, uso wa maji huwa juu kuliko mashamba yaliyo upande wa pili wa tuta, na mahali pengine huwa juu ya madirisha ya nyumba.

Ni nani waliolirundika tuta hilo? Kwa karne nyingi walikuwa vibarua wa vijijini, waliofanya kazi kwa sepeto na toroli la gurudumu moja. Katika nyanda za Ferrara na Ravenna waliitwa scariolanti, jina litokanalo na toroli lenyewe. Walilipwa kwa kazi ya udongo waliyoifanya, na kazi ilipokosekana walikosa chakula. Si ajabu kwamba vyama vya kwanza vya ushirika vya vibarua nchini Italia vilizaliwa miongoni mwao. Kile cha Ravenna kiliundwa mwaka 1883, na mwaka uliofuata wanachama wake walisafiri hadi Ostia, karibu na Roma, kwenda kukausha mabwawa yaliyokuwa yakizalisha malaria. Mtembezi anayesifu ulaini wa njia anasifu, pasipo kujua, migongo ya watu hao.

Namna ya kutembea

Kuhusu matembezi yenyewe, hakuna mengi ya kueleza. Kupotea ni vigumu, kwani tuta ndilo ramani. Mtu wa nguvu za wastani huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa, na kilomita 15 kwa siku hazimchoshi. Miezi mizuri ni Aprili na Mei, kisha Septemba na Oktoba. Katika Julai na Agosti jua humpata mtembezi bila huruma, maana juu ya tuta hakuna mti hata mmoja (miti hairuhusiwi kumea hapo, kwa kuwa mizizi yake hufungua njia za maji), na jioni mbu hutoka katika golena kwa makundi. Wakati wa majira ya baridi ukungu huwa mzito kiasi cha kulificha tuta lenyewe, na kuna wanaoamini kuwa huo ndio wakati uwanda huu unapojionyesha kikamilifu. Baiskeli ni nyingi kuliko watu wa miguu, kwa hiyo ni adabu kutembea upande mmoja wa njia.

Njia zilizopangwa rasmi zipo. Maarufu ni ile ya Destra Po katika mkoa wa Ferrara, inayofuata tuta la kulia kutoka Stellata hadi Gorino karibu na bahari, umbali unaozidi kilomita 120. Wapo pia mahujaji wa Via Francigena, barabara ya kale ya kwenda Roma, ambao huuvuka Po kwa mashua karibu na Piacenza, mahali panapohusishwa na safari ya Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyepita mwaka 990. Wao huuvuka tu. Wanaoufuata ndio wanaohusika hapa.

Kutoka Brescello hadi Luzzara

Sehemu inayomfaa zaidi mwanafunzi wa fasihi ni ile ya mkoa wa Reggio Emilia, kutoka Brescello kupitia Boretto, Gualtieri na Guastalla hadi Luzzara. Yatosha siku mbili bila haraka. Miji hii midogo imejipanga nyuma ya tuta kama watoto nyuma ya mgongo wa mama, na kila mmoja una mnara wa kanisa unaoonekana kabla ya kitu kingine chochote. Mtembezi hupima mwendo wake kwa minara hiyo: mmoja unapozama nyuma, mwingine umekwisha kuchomoza mbele.

Brescello unajulikana kwa sababu ya padri na meya. Giovannino Guareschi alichapisha mwaka 1948 kitabu cha kwanza cha hadithi za Don Camillo, padri mwenye ngumi nzito, na Peppone, meya mkomunisti, mahasimu wasioweza kuishi mmoja bila mwenzake. Guareschi alizaliwa mwaka 1908 katika mkoa wa Parma, naye hakuufunga ulimwengu wake katika mji mmoja halisi. Ni watengenezaji wa filamu, waliomtumia Fernandel na Gino Cervi mwaka 1952, waliouchagua Brescello, na leo sanamu za mahasimu hao husimama katika uwanja wa mji. Wahakiki wengi wamewatazama padri na meya wakausahau mto. Huo ni upungufu. Uhasama wao unawezekana kwa kuwa nyuma ya tuta lipo jambo ambalo halina chama: maji yakija, muumini na mkomunisti hubeba magunia ya mchanga pamoja. Mandhari hapa si pazia la nyuma ya jukwaa. Ndiyo inayowalazimisha wahusika kupatana.

Luzzara, kwa upande wake, ndiko alikozaliwa Cesare Zavattini mwaka 1902, mmoja wa waandishi wa filamu ya Ladri di biciclette ya mwaka 1948. Zavattini alishirikiana na mpigapicha Mmarekani Paul Strand kutoa kitabu kiitwacho Un paese mwaka 1955. Humo wakazi wa Luzzara husimama mbele ya kamera na kueleza kwa ufupi maisha yao: kazi, watoto, madeni, vita. Hakuna shujaa miongoni mwao. Anayekisoma kitabu hicho kabla ya kutembea huziona nyumba za chini ya tuta kwa jicho jingine.

Aidha, hapana budi kumtaja Gianni Celati, aliyefariki mwaka 2022. Kitabu chake Verso la foce cha mwaka 1989 ni shajara za safari katika uwanda huu, nyingi zikiwa za miguu, na mojawapo inahusu siku zilizofuata ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya mwaka 1986. Celati hatafuti uzuri. Huandika nyumba zilizofungwa, mabango, barabara tupu, watu wanaosubiri basi. Pengine huyu ndiye mwalimu bora wa anayetaka kutembea huko, kwa sababu uwanda bapa haumpi mtazamaji kilele cha kusimama juu yake na kusema ameiona nchi yote. Kilele pekee ni tuta, na kimo chake hakizidi cha nyumba ya ghorofa mbili.

Novemba 1951

Anayeendelea kuelekea mashariki huingia Polesine, nchi iliyo kati ya Po na mto Adige. Hapa wepesi wa matembezi hupata uzito. Mnamo tarehe 14 Novemba 1951, baada ya mvua za siku nyingi, tuta la kushoto lilivunjika karibu na Occhiobello na Canaro. Kwa kawaida Po hupitisha wastani wa takriban mita za ujazo 1,500 za maji kwa sekunde katika sehemu hizo. Siku zile zilipita zaidi ya 10,000. Maji yaliufuata mteremko mdogo wa uwanda, yakatanda juu ya mashamba na vijiji hadi Adria, na hayakuwa na pa kutokea, kwa kuwa matuta mengine, yale ya mifereji na ya mito midogo, yaliyazuia yasifike baharini. Ukuta uliojengwa kuyafungia maji nje sasa uliyafungia ndani.

Waliokufa walikuwa yapata 100. Kati yao 84 walikufa pamoja usiku ule katika eneo la Frassinelle, ndani na kando ya lori lililokuwa likiwahamisha, ambalo lilizingirwa na maji njiani. Zaidi ya watu 180,000 waliyahama makazi yao. Wengi hawakurudi, walikwenda Milano, Torino na kwingineko kutafuta kazi viwandani, na Polesine ikaendelea kupungukiwa na watu kwa miaka iliyofuata. Leo mtembezi akipita juu ya tuta la Occhiobello ataona mnara wa kumbukumbu, na ng'ambo ataona mkoa wa Ferrara uliobaki mkavu. Baada ya gharika hiyo serikali iliunda mwaka 1956 mamlaka maalumu ya mto, na tangu mwaka 2003 kazi yake hufanywa na wakala wa pamoja wa majimbo, AIPo. Matuta yaliinuliwa tena.

Chini ya usawa wa bahari

Karibu na mdomo wa mto hali hubadilika kwa namna inayomshangaza kila mgeni. Ardhi ya delta iko chini kuliko bahari. Kushuka huko kulizidishwa na uchimbaji wa gesi ya methani iliyokuwa imechanganyika na maji ya chini ya ardhi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1930 na kusitishwa mwaka 1961. Mahali pengine ardhi ilizama kwa zaidi ya mita 2. Tangu hapo mvua inyeshayo delta haiwezi kwenda baharini yenyewe. Hupandishwa kwa pampu. Kituo kimojawapo cha kale, Ca' Vendramin, kimefanywa kuwa makumbusho, na inafaa mtembezi apumzike hapo. Pampu zikizimwa, mashamba haya yatarudi kuwa vinamasi vya korongo na mikunga.

Kiu na mashimo

Ikumbukwe kwamba mto huu haudhuru kwa wingi wa maji pekee. Katika kiangazi cha mwaka 2022 Po ulipungua mno, ukapitisha chini ya mita za ujazo 200 kwa sekunde karibu na Ferrara, na maji ya chumvi yakapanda kutoka baharini hadi ndani ya delta. Huko Gualtieri tishari lililozama mwaka 1943, liitwalo Zibello, lilijitokeza mchangani, na watu wakalifikia kwa miguu. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2023, mito mingine ya jimbo la Emilia-Romagna ilifurika na kuua watu 17.

Lakini adui wa tuta aliye mdogo kuliko wote ni mnyama mchimba shimo. Tarehe 19 Januari 2014 tuta la mto Secchia, unaoingia Po, lilivunjika karibu na Modena, na miji ya Bastiglia na Bomporto ikazama. Wataalamu waliochunguza walitaja mashimo ya wanyama pori kuwa ndiyo chanzo kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli. Ndiyo maana majani ya tuta hufyekwa. Mgeni hudhani ni mapambo. Wakaguzi wanataka kuuona udongo.

Maji yanapopanda hadi kiwango cha hatari, njia ya juu ya tuta hufungwa kwa watembezi. Hata hivyo haibaki tupu. Watumishi wa mto na wakazi waliojitolea huitembea zamu kwa zamu, mchana kwa mwavuli na usiku kwa tochi, wakitazama upande wa mashamba wala si upande wa mto. Wanatafuta chemchemi ndogo zinazobubujika chini ya tuta, ambazo wenyeji huziita fontanazzi. Chemchemi ikitoa maji maangavu, huwekewa alama na kuangaliwa tena. Ikitoa maji yenye mchanga, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani, na hapo huizungushia magunia kwa duara. Hawaizibi, kwa kuwa maji yaliyozibwa hapa yatatokea pale. Huyaacha yapande ndani ya duara mpaka uzito wake ulingane na msukumo wa mto, na mchanga ukome kutoka. Kisha mmoja hubaki kuilinda, na wengine huendelea na njia.